Vyuma Vinavyopita Juu ya Mji wa Kale



Jumatatu ya tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Hii ndiyo kaunti tunayoikata kwa basi, lori au treni kila tukipanda Nairobi. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu haikumuumiza mtu. Siku mbili baadaye Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, likaeleza kwamba ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi, na kwamba vitu vya aina hiyo kwa kawaida hutarajiwa kuungua vikiingia hewani au kuangukia mahali pasipo na watu, kama vile baharini.

Hapo kwenye neno baharini ndipo mimi, mtu wa kisiwa cha Mombasa, nilipotega sikio. Wahandisi wa roketi wanaposema kitu kitashukia baharini, mara nyingine wana maana ya bahari kama hii yetu ya Hindi, ambayo wavuvi wetu hulala juu yake na meli za Kilindini huikata usiku na mchana. Skylab, kituo cha anga cha Marekani, kilipoanguka tarehe 11 Julai 1979, vipande vyake vilitawanyika kutoka Bahari ya Hindi hadi magharibi mwa Australia. Roketi kubwa ya China aina ya Long March 5B iliporudi bila kuongozwa tarehe 9 Mei 2021, mabaki yake yaliangukia karibu na Maldives. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Julai, nyingine ya aina hiyo ikaingia hewani juu ya bahari hiihii.

Kwa hiyo leo nataka tuulizane: chuma kikiwa juu, nani hukitazama? Hukitazama kwa kitu gani? Na anajuaje kesho kitapita wapi?

Nianze na kutazama, kwa maana jambo hili watu wa Mvita wanaliweza. Kila mwezi 29 Shaaban na kila mwezi 29 Ramadhani tunapanda madarini na kwenda ufuoni kuutafuta mwezi muandamo. Anayesema ameuona huulizwa: umeuona wapi, saa ngapi, ulikuwa upande gani, juu kiasi gani? Ushahidi usio na saa wala mahali haupokewi. Na mtu anayefuatilia setilaiti kwa macho, kwa darubini au kwa kamera hutakiwa kutoa ushahidi wa namna hiyohiyo, ila yeye hudaiwa hesabu za sekunde.

Ukitaka kujaribu, toka nje saa moja na robo usiku, siku ambayo mawingu hayakutanda. Katika Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba na taa ni nyingi, kwa hivyo heri upande darini, au uende ufuoni Mama Ngina uzipe taa kisogo, uso uelekee baharini. Hazitapita dakika nyingi kabla hujaona nukta nyeupe ikitembea kimyakimya kati ya nyota. Haiwakiwaki kwa taa nyekundu na kijani kama ndege za uwanja wa Moi, wala haina mngurumo. Hiyo ni setilaiti, au ni ganda la roketi lililokwisha kazi yake. Haina taa. Unachokiona ni mwanga wa jua, kwani huku chini kumekuchwa lakini huko juu, kilomita 400 au zaidi, jua bado linaipiga. Halafu, ikiwa katikati ya mbingu, hufifia na kutoweka. Imeingia katika kivuli cha dunia.

Hapa kwetu karibu na ikweta jua huzama wima, na kivuli hicho hupanda upesi. Kitu kilicho kilomita 400 juu ya utosi huzimika takriban dakika 80 baada ya magharibi. Nafasi ya pili huja alfajiri, na wanaotembea kwenda kuswali katika Msikiti wa Mandhry wana bahati ya kuwa nje katika saa nzuri kabisa ya kutazama.

Sasa weka simu yako juu ya kitu kisichotikisika, uelekeze kamera juu, uiache ipokee mwanga kwa sekunde 10. Nyota zitatokea kama nukta, Suheli kusini, Kilimia upande wa pili, kwa kutegemea mwezi wa mwaka. Ile setilaiti itatokea kama mstari. Ikiwa imepita utosini katika kimo cha kilomita 400, mstari utakuwa na urefu wa digrii 11 hivi, upana wa ngumi yako ukinyoosha mkono. Nyota zote zinazoonekana pale mahali pake panajulikana, zimeorodheshwa vitabuni na katika programu za kompyuta. Basi ncha ya kwanza ya mstari inakuambia kitu kilikuwa upande gani kamera ilipofunguka, na ncha ya pili kilikuwa upande gani ilipofunga. Ukizijua hizo saa mbili sawasawa, unao ushahidi.

Nasisitiza saa. Chuma hicho kinakwenda kilomita 7.7 kwa sekunde moja. Kutoka Mombasa hadi Malindi, safari ya matatu ya saa mbili na zaidi, chenyewe kinatumia sekunde 14. Ukikosea saa yako kwa sekunde moja tu, umekiweka kilomita saba na ushei kando ya mahali pake. Ndiyo sababu watu wanaofanya kazi hii kwa dhati huisahihisha saa kwanza, ndipo wakagusa kamera.

Lakini picha ina kasoro moja: haisemi kitu kiko mbali kiasi gani. Inatoa upande tu. Hapo mwenzako aliye Malindi anafaa. Akikipiga picha kitu kilekile kwa wakati uleule, yeye atakiona kati ya nyota nyingine kabisa. Kikiwa kimo cha kilomita 400, tofauti kati yenu itafika takriban digrii 15, na kutokana na tofauti hiyo umbali unahesabika. Na hata ukiwa peke yako, ukipata pande tatu kwa saa tatu tofauti, njia nzima ya mzunguko unaweza kuipata. Hesabu yake haikuanza jana. Tarehe 1 Januari 1801 padri mmoja wa Palermo, Giuseppe Piazzi, aliona kitu kipya angani, ndicho Ceres. Baada ya wiki chache kikapotelea kwenye mwanga wa jua, na hakuna aliyejua kitaibukia wapi. Kijana wa Kijerumani wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, akachukua vipimo vichache vya Piazzi, akapiga hesabu, akasema kitafuteni pale. Siku ya mwisho ya mwaka huohuo kikaonekana karibu na alipopataja. Njia za Gauss, zikiwa zimenyooshwa na waliokuja baada yake, zinatumika hadi leo kwa setilaiti na takataka zake.

Matokeo ya hesabu hiyo ni namba sita na saa moja. Namba hizo zinaeleza ukubwa wa mzunguko, umbo lake, umeinama kiasi gani kutoka ikweta, umeelekea wapi, na chuma chenyewe kimefika wapi ndani yake. Wataalamu huziandika katika mistari miwili mifupi, na kwa maelfu ya vyombo yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma. Ukiwa nazo unaweza kusema kesho saa ngapi kitapita juu ya Ngome ya Yesu.

Kesho unaweza. Mwezi ujao, hapana. Hili ndilo linalowapa watu tabu kulielewa, maana sisi tumezoea utabiri usiovunja ahadi. Jedwali la maji la Kilindini huchapishwa kwa mwaka mzima, na nahodha hulitegemea: bamvua ya Oktoba itajaa siku fulani, dakika fulani, maji yatapanda zaidi ya mita 3. Mwezi na jua, vinavyoyavuta hayo maji, huenda kwenye utupu bila kizuizi. Chuma cha kilomita 400 hakiendi kwenye utupu kamili. Pale juu bado kuna hewa, nyembamba mno, na hewa hiyo inakisugua, inakipunguzia nguvu, inakishusha. Na haikai hali moja. Jua likichafuka hewa ya juu hupata joto, hutanuka, na vyuma vyote vya chini huanza kuvutwa kwa nguvu zaidi. Tarehe 3 Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink katika kimo cha chini, na siku iliyofuata dhoruba ya jua ikapiga. Takriban 40 kati yake zilipotea.

Sasa sikiliza vizuri, maana habari hii ni ya pwani yetu na haisimuliwi inavyostahili. Hewa hiyo ya juu, ambayo bila kuipima hakuna utabiri wa mzunguko wa chini, ilipimwa na chombo kilichorushwa kutoka hapa Kenya. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna majukwaa ya chuma baharini, San Marco na Santa Rita. Kutoka San Marco, tarehe 26 Aprili 1967, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Ilikuwa mpira ulio na ganda jepesi nje na kiini kizito ndani, viwili hivyo vikishikanishwa kwa vyuma vyenye kunepa. Hewa ilipolisukuma ganda, ganda lilisogea kidogo sana kulinganisha na kiini, na kusogea huko kukapimwa. Kwa hivyo setilaiti yenyewe ilikuwa mizani ya kupimia hewa. Iliipima mpaka hewa hiyohiyo ilipoishusha, Oktoba mwaka huohuo.

Kutoka jukwaa lile zilirushwa setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Mzunguko wake uliinama digrii 3 tu kutoka ikweta, katika kimo cha zaidi ya kilomita 500. Sisi tuko digrii 4 kusini. Kila saa moja na dakika 40 hivi ilipita katika mbingu yetu, na mtu aliyekuwa Roma au Moscow hakuwa na namna ya kuiona abadan, kwa sababu haikuwahi kupanda juu ya upeo wa macho yake. Iliungua ilipoingia hewani Aprili 1979.

Jambo hilo halijabadilika. Vipo vyombo na vipande vinavyozunguka kandokando ya ikweta ambavyo vituo vya Ulaya na vya Urusi haviwezi kuviona hata vikijitahidi vipi. Anayeviona ni mtu wa Malindi, wa Mombasa, wa Nairobi, wa Kampala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma walilifahamu, wakabuni kituo cha darubini kiitwacho EQUO katika kituo cha anga cha Malindi, kwa ajili ya kutafuta takataka za angani kutoka ikweta. Ninawapongeza. Lakini sifurahi kwamba sisi wenye mbingu hii tumewaachia wageni waione thamani yake kwanza.

Na kuna sababu nyingine ya kuangalia juu. Tazama madishi ya televisheni yaliyojaa kwenye mapaa ya Mji wa Kale. Mengi yanalenga karibu utosini, kwani setilaiti inayoleta DStv iko juu ya nyuzi 36 Mashariki, na sisi tuko karibu na 40. Setilaiti za namna hiyo ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinazunguka sawasawa na dunia, ndiyo maana dishi halisogezwi. Tarehe 19 Oktoba 2024 mojawapo ya jamii hiyo, Intelsat 33e, ilivunjika vipande. Ilikuwa juu ya nyuzi 60 Mashariki, yaani juu ya Bahari ya Hindi, na kutoka Mombasa mahali hapo ni upande wa mashariki, juu sana angani. Kwa umbali ule rada nyingi hazifai, kwa sababu mawimbi yake hudhoofika vibaya kwenda na kurudi. Kazi ya kuvihesabu vipande na kuvifuata ikaangukia darubini, zilizopiga picha usiku baada ya usiku, na idadi ya vipande ikazidi kupanda. Huko hakuna hewa ya kuvishusha. Vitabaki juu yetu vizazi na vizazi.

Kwa jumla, vitu vinavyofuatiliwa kuzunguka dunia sasa vinafika takriban 40,000. Vyenye upana wa zaidi ya sentimita moja vinakisiwa kupita milioni moja, na vingi kati ya hivyo havionekani kwa chombo chochote. Mwaka 1978 Donald Kessler na Burton Cour-Palais wa Marekani walionya kwamba vikizidi vitaanza kugongana vyenyewe kwa vyenyewe, kila mgongano ukizaa vipande vya kugonga vingine. Tarehe 10 Februari 2009 ilitokea. Iridium 33, setilaiti ya simu iliyokuwa kazini, iligongana na setilaiti mfu ya Kirusi, Kosmos 2251, juu ya Siberia. Makisio ya siku ile yalisema zingepishana kwa mita 584. Hazikupishana.

Mita 584 ni fundisho zito. Namba zilikuwepo, hesabu ilikuwepo, lakini vipimo havikuwa vya kutosha wala vya karibuni. Chuma kinachoanguka ndicho kigumu zaidi kukitabiri. Wataalamu wana kanuni ya kukadiria: kosa la utabiri ni kama asilimia 10 hadi 20 ya muda uliobaki. Ikiwa zimebaki siku mbili, basi wakati wa kuanguka unaweza kukosewa kwa saa tano hadi kumi, na ndani ya saa tano chuma kimeizunguka dunia mara tatu. Hakuna atakayekutajia kijiji. Ila kila kipimo kipya kinachopigwa saa za mwisho huipunguza ile njia ya hatari, na kipimo kutoka kandokando ya ikweta kina uzito wake.

Kipimo pia ni hati ya madai. Kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, nchi iliyorusha chombo hulipa madhara yake yakitokea ardhini, hata kama haikufanya uzembe. Kosmos 954 ya Muungano wa Kisovieti, iliyokuwa na tanuri la nyuklia, ilipotawanyika Kanada Januari 1978, Kanada ilidai zaidi ya dola za Kanada milioni 6 na mwishowe ikalipwa milioni 3. Lakini kudai sharti kwanza ujue chuma ni cha nani, na hilo hujulikana kwa kulinganisha saa na mahali kilipoanguka na kumbukumbu za mizunguko. Asiye na kumbukumbu zake hungoja za mwenziwe.

Kenya haianzi na sufuri. KSA ipo tangu 2017. Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na hao hao Sapienza, kilitengeneza 1KUNS-PF, setilaiti yetu ndogo ya kwanza, iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018. Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Tumekwishajiunga na wanaoweka vyombo juu, na wajibu wa kuvitazama umetufika.

Ninachokiomba si ghali. Shule za kisiwani na vyuo vyetu vya ufundi vipewe kamera, kigoda chake na kompyuta moja, vijana wafundishwe kuupima ule mstari wa sekunde 10. Wenzao wafanye hivyo Malindi na Lamu usiku uleule, kisha vipimo vipelekwe KSA. Wenye taa kubwa zinazomulika mbinguni bure wazielekeze chini, kwani bandari haihitaji kuiangazia Kilimia.

Nawe, msikilizaji, ukiona moto unapita angani ukikatika vipande, usikimbilie kusimulia kwanza. Tazama saa, uiandike hadi sekunde ukiweza. Andika uliposimama, ulikotokea moto na ulikozimikia, na nyota uliyopita karibu nayo. Na chuma kikishuka shambani au wavuvi wakikikuta kinaelea, msikiguse, kwani tangi la roketi huweza kubaki na mafuta yenye sumu. Mwiteni chifu au polisi, wazuieni watoto wasisogee, na mngoje wenye vifaa waje.